Paa la Ukumbi wa Muziki: Anza na Uzito

Una kiwanja kando ya Dar, Chamazi, Mbagala, Tegeta au Bunju, na umeamua kujenga ukumbi wa muziki: taarabu wiki hii, bendi wiki ijayo, kwaya Jumapili jioni, na harusi za kulipia umeme. Unataka paa la mbao. Fundi wa kwanza utakayemwita atapima upana kwa hatua, atatazama juu, kisha atakutajia idadi ya mbao za mbili kwa nne. Mshukuru, mpe nauli, na usinunue kitu. Kuna namba inayotangulia idadi ya mbao: kila mita ya mraba ya paa lako itakuwa na kilo ngapi?

Bati la geji 28 juu ya papi na kenchi za kawaida huwa na takriban kilo 20 kwa mita ya mraba. Kwa nyumba ya kuishi linatosha. Kwa ukumbi wa muziki wepesi huo ndio unaoleta karaha zote: sauti inatoka kwa majirani, mvua inazima waimbaji, upepo unapata cha kunyanyua. Paa la kilo 60 linapunguza yote hayo, ila linadai mbao bora na maungio ya maana. Wengi huenda kinyume. Wanapaua kwa wepesi, jirani analalamika, maofisa wa NEMC, baraza la mazingira, wanafika na vipima sauti (kanuni za kelele na mitetemo zipo tangu 2015), ndipo dari nzito inapachikwa kwenye kenchi ambazo hakuna aliyezihesabia mzigo huo. Kati ya njia zote za kuua paa zuri, hiyo naiweka ya kwanza.

Sauti kwanza

Tuchukue ukumbi wa mfano: upana mita 15, urefu mita 24, kimo mita 7. Ujazo wake ni mita za ujazo 2,520. Wallace Sabine, mwanafizikia wa Harvard aliyeshiriki kubuni Symphony Hall ya Boston iliyofunguliwa 1900, alituachia kanuni ambayo mpaka leo inafanya kazi kwenye simu yako: zidisha ujazo kwa 0.161, kisha gawa kwa ufyonzaji wote wa sauti ndani ya chumba. Jibu ni sekunde ambazo mwangwi unadumu.

Ukumbi huo ukiwa mtupu, sakafu ya saruji, kuta za tofali zilizopigwa lipu na bati juu, ufyonzaji ni kama mita za mraba 50. Mwangwi unakaribia sekunde 8. Hapo mtangazaji akisema "karibuni", neno linagongana na linalofuata. Watu 300 wakiingia, nguo na miili yao inafyonza na muda unashuka mpaka kama sekunde 2.2. Ongeza mita za mraba 150 za dari yenye kufyonza vizuri, unafika 1.4. Kwaya na taarabu ya ala bila spika kubwa zinapendeza hapo. Bendi yenye vipaza sauti inataka karibu na sekunde 1, kwa hiyo ongeza zaidi kwenye ukuta wa nyuma, ule unaotazamana na jukwaa.

Watu husema mbao "inalainisha sauti" kwa sababu gambusi na fidla ni za mbao. Si hivyo. Ubao mwembamba wa milimita 6 au 9 wenye nafasi ya hewa nyuma yake hutikisika na kula sauti nzito za besi. Ubao mnene uliobana hurudisha besi chumbani. Kwa hiyo mbao hiyo hiyo ni dawa au sumu kulingana na unene wake na nafasi uliyoiacha nyuma. Kama ukumbi wako utaishi kwa spika, weka mbao nyembamba sehemu za kuta, na usizipange pande mbili zikitazamana sambamba kabisa. Simama katikati, piga kofi moja. Ukisikia mlio unaotetemeka haraka kati ya kuta, unajua ukuta upi ushughulikiwe.

Kwa kufyonza sauti za juu na za kati huhitaji kuagiza sufi ya mawe kutoka nje. Usumba wa nazi ulioshindiliwa kama godoro jembamba, unene wa milimita 50 nyuma ya vipapi vyenye nafasi, unafanya kazi nzuri, na pwani yetu haina upungufu wa makumbi. Utibiwe dhidi ya moto na wadudu kabla ya kupanda juu.

Sasa majirani. Kila uzito wa kizuizi ukizidishwa mara mbili, sauti inayopita hupungua takriban desibeli 6. Bati la geji 28 lina kama kilo 3 kwa mita ya mraba. Ukiweka chini yake tabaka mbili za plaiwudi ya milimita 18, unaongeza karibu kilo 20, na sauti inayovuka inapungua kwa desibeli kama 17 kwenye sauti za kati. Besi ya singeli haitii kirahisi hivyo, lakini nayo inapungua, hasa ukiacha nafasi ya hewa kati ya bati na plaiwudi na kuziba kila upenyo kwenye kingo. Upenyo wa kidole kimoja kandokando ya ukuta unapoteza nusu ya pesa uliyotumia. Tabaka hizo hizo ndizo zitakazoinyamazisha mvua ya masika: bati linapigwa na mvua, plaiwudi iliyotenganishwa nalo haipokei ule mtikisiko moja kwa moja.

Ukumbi uliozibwa unapika watu. Mtu anayecheza hutoa joto la wati 200 au zaidi, na hapo ndani wapo 300. Njia za hewa zijengwe kwa kona na ndani zivishwe usumba, ili hewa ipite na sauti ikwame. Mwambie mbunifu wako mapema. Baada ya kupaua hakuna mahali pa kuzipitisha.

Upepo haupimwi kwa macho

Watu wa Dar hujiona salama na vimbunga. Aprili 1872 kimbunga kilivunja Unguja na kuangusha mikarafuu, Bagamoyo nayo ikaumia. Aprili 1952 kingine kikapiga Lindi. Mei 2024 Hidaya ilifika Mafia ikiwa imeanza kudhoofika. Mhandisi wako atachagua kasi kulingana na eneo. Tuchukue mita 35 kwa sekunde, yaani kilomita 126 kwa saa. Upepo huo una mgandamizo wa karibu kilo 75 kwa kila mita ya mraba, na juu ya paa la mteremko mdogo nguvu hiyo hunyonya kwenda juu.

Weka kenchi moja kila mita 2.4, kila moja ibebe mita za mraba 36. Paa la kilo 20 linabaki na kilo 55 za kunyanyuliwa kila mita, karibu tani 2 kwa kenchi, tani moja kila upande wa ukuta. Paa la kilo 60 linabaki na kilo 15: kama kilo 270 kila upande. Zote mbili lazima zifungwe, lakini ya pili unaifunga kwa amani. Waya wa kufungia nondo uliopindwa mara mbili hauhesabiki hapa. Chomeka bolti kwenye mkanda wa zege kabla zege halijamwagwa, bolti zenye mkunjo chini, na mkanda wenyewe ushikane na nguzo za zege zilizosimama chini ya kila kenchi. Ukuta wa tofali wa mita 7 bila nguzo hauwezi kuzuia chochote.

Kumbi nyingi za kando ya mji zina ubavu mmoja ulio wazi kwa ajili ya hewa. Upepo ukiingia humo unasukuma paa kwa ndani huku ule wa nje unalinyonya. Kama utaacha ubavu wazi, sema tangu mwanzo. Hesabu yote inabadilika.

Ndani ya kenchi

Hapa ndipo nakuomba usome polepole. Paa la kilo 60, pamoja na kilo 60 nyingine za mafundi, vifaa na mizigo ya muda, linaipa kila kenchi yetu takriban tani 4.3. Kila ukuta unapokea kama tani 2.2. Hiyo haitishi. Kinachotisha kiko kwenye kisigino, pale mbao ya mteremko inapokutana na mbao ya mlalo juu ya ukuta. Kenchi ya pembetatu yenye kimo cha mita 2.5 inavuta mbao yake ya chini kwa karibu tani 5.4 mahali hapo. Inua kimo mpaka mita 3.75 na mvutano unashuka mpaka tani 3.6. Mita moja na robo ya kimo imekuokolea theluthi moja ya nguvu, imekupa ujazo zaidi kwa ajili ya muziki, na maji ya mvua yanateremka haraka. Anayekushawishi kulaza paa ili kuokoa bati anakuokolea kidogo na kukugharimu sana.

Msumari wa inchi nne kwenye mbao ya msindano hubeba kwa usalama karibu kilo 40 ukivutwa kwa ubavu. Tani 5.4 ni misumari zaidi ya 130 kwenye kisigino kimoja. Mbao itapasuka kabla hujafika nusu. Kwa hiyo hapo panahitaji bamba za chuma pande zote mbili na bolti za milimita 12 au 16, zilizopakwa zinki kwa sababu hewa ya chumvi inafika mpaka Mbagala. Bolti ya milimita 12 isiwe karibu na ncha ya mbao inayovutwa kuliko milimita 85. Washa iwe pana, angalau milimita 40, vinginevyo nati inazama kwenye mbao laini. Tundu lizidi bolti kwa milimita moja tu.

Mbao za sokoni zina futi 12, na kenchi yako ina mita 15. Maungio hayaepukiki. Tumia mbao mbili sambamba za mbili kwa nane kwa ile ya chini, na maungio yapishane, yasikutane mahali pamoja. Mbao pia hulegea taratibu chini ya mzigo wa kudumu, na kushuka kwake kunaweza kuongezeka maradufu kwa miaka. Wakati wa kuunda kenchi chini, inua katikati kwa milimita 50, ili baada ya dari kupanda paa likae sawa badala ya kubonyea.

Ufupi wa mbao ni tatizo la zamani. Vyumba vya nyumba za mawe za Unguja na Lamu ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazikuruhusu zaidi. Mwaka 1561 Mfaransa Philibert de l'Orme alichapisha njia ya kuunda matao makubwa kwa vipande vifupi vya mbao vilivyopangwa tabaka na kupishana, na miaka ya 1920 Friedrich Zollinger wa Ujerumani akapaua kwa wavu wa mbao fupi zinazofanana. Mafundi wa majahazi wa Bagamoyo na Nungwi wanaunga mataruma kwa akili hiyo hiyo. Kama mhandisi wako ana ari, tao la mbao fupi zilizofungwa kwa bolti linaweza kukupa ukumbi usio na mbao ya mlalo katikati ya macho. Ila tao linasukuma kuta kwenda nje, na msukumo huo lazima uwe na pa kwenda.

Mbao zilizogundishwa kiwandani ndizo zinazojenga kumbi za Ulaya, na Zanzibar kuna mradi wa jengo refu la Fumba lenye sehemu kubwa ya mbao, uliotangazwa 2021. Kwa ukumbi wa Chamazi, gharama ya kuagiza na kusafirisha boriti hizo inameza bajeti. Usikubali mtu akugundishie mbao uani kwa gundi ya samani na kukuambia ni kitu kile kile.

Na spika. Kila kitakachoning'inizwa juu, seti ya spika ya nusu tani au taa za jukwaa, kiandikwe kwenye mchoro na kining'inie kwenye makutano ya mbao za kenchi, kamwe si katikati ya mbao.

Kununua mbao bila kuuziwa hadithi

Mbao nyingi za msindano zinazouzwa Dar zinatoka nyanda za juu kusini, Mufindi hasa, ambako shamba la miti la Sao Hill lililo chini ya TFS, wakala wa misitu, linazungukwa na mashamba ya watu binafsi. Wakulima wengi wana haja ya fedha na huvuna mapema. Tazama kichwa cha mbao: ukiona kiini cha mti na pete chache pana zinazokizunguka, hiyo ni mbao changa. Pete kumi za mwanzo ni dhaifu, zinapinda na kusinyaa kwa urefu. Mbao yenye kiini isiingie kwenye kenchi. Zile zilizopasuliwa kwa mashine ndogo za dingdong hutofautiana unene hata kwenye mbao moja, kwa hiyo nenda na futi kamba na upime ncha zote mbili. Mbili kwa nne inayotimia milimita 45 kwa 95 ni ya kushukuru.

Jaribio langu ninalolipenda halina gharama. Simamisha mbao ya 45 kwa 95 kwa ubavu juu ya matofali mawili yaliyoachana mita 3, ishikiliwe isianguke, kisha ning'iniza katikati mfuko wa saruji wa kilo 50. Mbao nzuri iliyokauka itashuka kama milimita 11. Ikishuka zaidi ya 13, iende kwenye kupanga zege. Rudia kwa mbao chache kutoka kila rundo, mbele ya muuzaji. Bei huwa inalegea yenyewe.

Ukavu upime nyumbani. Kata kipande kutoka katikati ya mbao, kisitoke nchani, kipime kwa mizani ya jikoni, kisha kiweke kwenye oveni nyuzi 103 mpaka uzito usishuke tena. Kikianza na gramu 250 na kuishia 180, unyevu ni 70 gawa kwa 180, asilimia 39. Ni mbichi. Hewa ya Dar itaishusha mpaka karibu 15, na ikishukia huko ikiwa tayari juu ya paa, kila bolti italegea. Panga mbao chini ya kivuli kwa miezi miwili au mitatu, na vipapi kati ya safu, mpaka zishuke chini ya 18.

Dawa ya mchwa ya shaba, kromu na aseniki huipa mbao rangi ya kijani. Rangi hiyo pia inauzwa kwenye ndoo. Kata mbao katikati: kama kijani kimeishia kwenye ngozi, umeuziwa rangi. Kila ncha unayokata eneo la kazi ipakwe dawa upya. Na mabaki ya mbao hizo yasichukuliwe kuni na mama ntilie wa jirani wala na walinzi wako. Moshi na majivu yake vina aseniki.

Mbao ngumu kama mninga na mkongo ziache kwa milango na ngazi. Mkaratusi una nguvu lakini hupasuka na kujipinda, na hakuna msumari utakaoingia bila kutoboa kwanza. Mnazi mzee unafaa sehemu ya nje tu ya shina. Ya ndani ni laini kama mkate. Mti wetu unaofika Vienna na New York ni mpingo wa Kilwa na wilaya jirani, uliochongwa klarineti na oboi, lakini huo ni mfupi, umepinda, unazama majini, na hauna kazi kwenye kenchi. Utakaponunua, iwe Keko au moja kwa moja Mafinga, dai hati ya kusafirishia mazao ya misitu ya TFS. Mzigo usio nayo unaweza kuishia kwenye kizuizi barabarani ukiwa umeshaulipia.

Moto

Jumba la maonyesho la chuo cha sanaa Bagamoyo, sasa TaSUBa, liliungua mwaka 2002. Msindano huungua kwa takriban milimita 0.8 kila dakika kwa kila upande. Mbao ya milimita 45 ikishikwa pande zote mbili imekwisha kabla ya nusu saa. Mbao ya milimita 150 kwa muda huo inabakiwa na zaidi ya 100 za kubeba paa huku watu wanatoka. Hii ni sababu nyingine ya kupendelea kenchi chache zenye mbao nene kuliko nyingi zenye mbao nyembamba. Ukishindwa, funika kwa tabaka mbili za jipsamu chini ya dari. Nyaya zote za umeme zipite kwenye mabomba ya chuma, na milango ifunguke kwenda nje, na isifungwe kwa kufuli wakati wa onyesho hata kama muuza tiketi analia watu wanaingia bure.

Makaratasi na siku ya kupandisha

Kibali cha ujenzi ni cha manispaa yako: Bunju na Tegeta ni Kinondoni, Mbagala na Chamazi ni Temeke, na kumbuka tangu 2016 baadhi ya maeneo yalihamia Ubungo na Kigamboni. Mchoro uwe na sahihi ya mbunifu aliyesajiliwa na bodi ya AQRB na mhandisi wa bodi ya ERB, mkandarasi awe wa bodi ya CRB, na Zimamoto wapitie mpango wa milango kabla ya msingi kuchimbwa. Mhandisi anayekupa mchoro wa kenchi bila ukurasa wa mahesabu ya maungio hajamaliza kazi. Mwambie akuonyeshe hesabu ya kisigino.

Pandisha paa kati ya Juni na Septemba, mvua zikiwa zimepoa, lakini kusi huvuma kwa nguvu miezi hiyo. Kenchi ya kwanza ifungwe kwa mbao za mshazari mpaka chini ardhini, na kila inayofuata ishikwe na ile ya nyuma kabla mtambo wa kunyanyulia haujaiachia. Kenchi nyingi zinazoanguka huanguka siku hii, kabla hazijabeba hata bati moja.

Acha mlango wa kupandia darini na njia ya mbao ya kutembelea juu ya kenchi. Baada ya mwaka wa kwanza, mbao zikiwa zimetulia, fundi apande na spana azunguke bolti zote. Karibu na ngazi hiyo piga kibao kinachosema kila ndoano ya spika inabeba kilo ngapi, kwa sababu fundi sauti wa bendi ya wageni atafika saa kumi jioni na hatakuwa na muda wa kukuuliza.